Rocket au Locomotion? Kuchagua gari moshi la mwanzo la kuunda kwa mbao ukiwa Unguja au Pemba

Anayetaka kuunda gari moshi la mbao kwa mara ya kwanza huwa ameshajichagulia kabla hajauliza. Anataka Rocket, injini ya mvuke ya Uingereza ya 1829, kwa kuwa ndilo jina alilolisikia skuli. Huenda akawa amepatia, lakini jina peke yake halitoshi kuwa sababu. Injini za mvuke za mwanzo zilibuniwa na watu waliokuwa wakipapasa njia. Hakuna aliyejua bado gari moshi linatakiwa lifananeje, kwa hiyo kila moja lina umbo lake na lina mahali pake pa kumtoa fundi jasho. Rocket inakusumbua kwenye magurudumu. Locomotion inakusumbua juu ya boila, kwenye fito zinazopanda na kushuka. Puffing Billy ni mihimili, na ile ya fundi Richard Trevithick ni meno ya gia, tena yako nje yote, hakuna pa kujificha.

Kwa hiyo ulinganisho huu hautafuti injini iliyo bora. Unatafuta taabu ipi utaistahamili mpaka mwisho. Modeli nyingi hazifi kwa kukosa mbao, zinakufa kwa sababu mtu amefika kwenye sehemu asiyoipenda, akaweka kando, na vumbi likaanza kazi yake.

Kwanza kipimo

Hesabu zangu zote hapa ni za 1:16, yaani milimita 16 za injini yenyewe ni milimita 1 ya modeli. Wanaouza maboksi ya kuunganisha wengi wanatumia 1:24, ambayo inakaa vizuri juu ya kabati. Lakini kwa mtu anayekata mwenyewe kwa mbao ngumu, 1:24 inakuwa ndogo mno. Spoki ya gurudumu inashuka hadi unene wa njiti, na ukiipiga msasa mara mbili imekwisha. Upande wa pili kuna 1:10, ambayo ni rahisi kukata na tamu kuitazama, ila boila la Rocket linafika sentimita 18 kwa urefu na 10 kwa unene, na bado hujaweka dohani wala behewa la makaa. Utahitaji meza yake peke yake.

Nimechagua 1:16 kwa sababu moja ya dukani: bomba la plastiki la milimita 50, lile la maji machafu, linaingia ndani ya boila la Rocket kama kiini. Unalizungushia mapapi ya mbao ya milimita 6 na ushei, na umepata kipenyo sahihi bila kuwa na mashine ya kukereza.

Vipimo vya injini mbili zinazoshindana zaidi ni hivi:

| Sehemu | Rocket (1829) | Locomotion (1825) |
|---|---|---|
| Urefu wa boila | futi 6, modeli mm 114 | futi 10, modeli mm 190 |
| Kipenyo cha boila | futi 3 inchi 4, modeli mm 64 | futi 4, modeli mm 76 |
| Magurudumu makubwa | mawili, mm 90 | manne, mm 76 |
| Magurudumu madogo | mawili, mm 48 | hakuna |
| Kitovu cha gurudumu hadi pini ya kombo | mm 13.5 | mm 19 |

Safu ya mwisho ndiyo watu wanaisahau. Pini ya kombo ni ile ya kwenye gurudumu inayoshikwa na fito itokayo kwenye pistoni. Umbali huo ni nusu ya mwendo wa pistoni: inchi 17 kwa Rocket, inchi 24 kwa Locomotion. Ukiukosea hata kwa milimita 2, pistoni itagonga mwisho wa silinda kabla gurudumu halijamaliza duara.

Rocket: kila kitu ni gurudumu

Rocket ilitengenezwa na Robert Stephenson na wenzake kwa ajili ya mashindano ya Rainhill, Oktoba 1829. Wenye reli ya Liverpool na Manchester walitoa zawadi ya pauni 500 kwa injini itakayofaa, wakaweka sharti la uzito. Injini ya magurudumu manne isizidi tani 4 na nusu. Sharti hilo ndilo lililoipa Rocket umbo lake, na ndilo linalomhusu seremala, maana ili kupunguza uzito magurudumu yake makubwa yalitengenezwa kwa spoki za mbao, kisha yakavishwa ringi ya chuma.

Fikiria maana yake. Kwa kawaida modeli ya mbao ni kuigiza: unachonga mti ufanane na chuma, unapaka rangi ya chuma, unaomba mtu asiusogelee karibu. Hapa mbao ni mbao. Gurudumu la mm 90 lenye spoki za mti ni kitu kile kile kilichopita Rainhill, isipokuwa kidogo zaidi.

Uzuri wake mwingine ni kwamba haina mambo mengi. Silinda mbili, moja kila upande, ziko nyuma karibu na sanduku la moto, zimeinama kuelekea mbele. Pistoni inasukuma konrodi, yaani fito ya kuunganisha, na konrodi inakwenda moja kwa moja kwenye pini ya gurudumu la mbele. Hakuna gia, hakuna mhimili wa kupanda na kushuka, hakuna fito za kuunganisha gurudumu na gurudumu, kwa sababu magurudumu ya nyuma hayavuti, yamebeba tu. Kwa anayetaka modeli ambayo ukiisukuma kwa kidole pistoni zinatembea, hakuna injini ya zama zile iliyo rahisi kuliko hii. Mirija 25 ya shaba iliyopitisha moto ndani ya boila, ambayo ndiyo siri ya nguvu zake, haionekani kwa nje. Usiitengeneze.

Tabu sasa. Usikate gurudumu kutoka kwenye ubao mmoja. Mti ukinywa unyevu na kuutoa, unavimba na kunywea zaidi kwa kukata nyuzi kuliko kwa kufuata nyuzi, na hapa kwetu hewa ya masika haifanani hata kidogo na hewa ya kaskazi kavu ya Januari. Duara ulilolikata likiwa kamili litakuwa yai kabla ya mwaka kwisha. Ringi ifanywe kwa vipande sita vya upinde, safu mbili, na maungio ya safu ya juu yaangukie katikati ya vipande vya safu ya chini. Chora gurudumu zima kwenye karatasi kwa bikari, ibandike karatasi juu ya ubao ulionyooka, funika kwa nailoni nyembamba ili gundi isishike, halafu panga spoki zako juu ya mchoro. Spoki zinapungua unene kuelekea nje, na zote zipigwe msasa pamoja, zimefungwa kwa jiriwa, ili zisitofautiane. Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukiwa mtu wa kuchoka na kurudia kitu kile kile, achana na Rocket.

Kuna jambo jengine la kuamua kabla ya kukata: Rocket ipi? Iliyobaki hadi leo kwenye makumbusho ya Uingereza si ile ya 1829. Mara tu baada ya mashindano ilianza kubadilishwa. Silinda ambazo zilikuwa zimeinama kwa nyuzi karibu 38 zililazwa hadi karibu mlalo, kwa kuwa zilikuwa zikiitingisha injini ikienda mbio, na mbele ikaongezwa sanduku la moshi. Ukichukua mchoro mmoja wa umbo la kwanza na picha ya umbo la pili, utaunda injini ambayo haijawahi kuwepo. Nashauri umbo la 1829, lenye silinda zilizoinama na dohani ndefu nyeupe. Ndilo lenye sura.

Na rangi! Rocket ya mashindano ilikuwa ya manjano, na sisi tuna mfenesi. Kiini cha mfenesi ni manjano bila ya kupakwa chochote, kinapokea patasi vizuri, na mafundi wetu wanaujua tangu milango na majahazi ya zamani. Boila la Rocket lililozungushiwa mapapi ya mfenesi halihitaji kopo la rangi. Kweli, baada ya muda manjano yale yanazama kuwa kahawia ya dhahabu, zaidi pakiwa na jua, kwa hiyo weka mbali na dirisha kama unataka yadumu. Mimi naona hata kahawia ile inaipendeza.

Usilisahau behewa la nyuma. Lilikuwa la mbao, limetengenezwa na fundi wa magari ya farasi, na juu yake limebeba pipa la maji. Mtu anayefurahia useremala wenyewe atatumia siku nzima kwenye pipa lile na hatasikitika.

Locomotion: magurudumu mepesi, fito nyingi

Tarehe 27 Septemba 1825 injini hii ya George Stephenson ilivuta msafara wa ufunguzi wa reli ya Stockton na Darlington. Ni ya wazee kidogo kuliko Rocket, na ukiitazama unajua: boila refu lililolala kama gogo, silinda mbili zimesimama wima na kuzama ndani ya mgongo wa boila, na juu yake msitu wa vyuma.

Kwa seremala, magurudumu yake ni afueni. Yote manne ni sawa, na ya asili yalikuwa ya chuma cha kumwaga, kwa hiyo duara la plaiwudi nzuri lenye matundu yaliyokatwa kufuata mchoro linatosha. Plaiwudi haiwi yai kwa sababu tabaka zake zimepishana nyuzi. Msumeno wa duara wa kufunga kwenye drili unakutolea manne yanayofanana kabla ya chai ya saa nne.

Boila nalo ni raha. La asili lilivikwa mapapi ya mbao ili joto lisipotee, na mapapi yale yalifungwa kwa mikanda. Hapa pia mbao inawakilisha mbao. Kwa kipenyo cha mm 76 bomba la milimita 63 linakuwa kiini kizuri, na milimita 190 za urefu zinakupa nafasi ya kuonyesha mti wenye nyuzi nzuri. Hapo ndipo ningetumia msaji, si mfenesi. Mabaki ya msaji kwa fundi wa makasha yana nyuzi zilizonyooka, hayapindi ovyo, na mafuta yake ya asili yanalipa boila rangi ya kahawia tulivu bila vanishi nyingi. Mafuta hayo hayo huikataa gundi, basi futa uso kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuunganisha.

Ukishamaliza chini, ndipo unapanda juu, na juu hakuna utani. Kila pistoni inasukuma boriti iliyolala kwa upana wa injini, na kutoka kila ncha ya boriti hiyo konrodi ndefu inashuka ubavuni mwa boila mpaka kwenye gurudumu. Silinda moja inaendesha ekseli moja na nyengine ekseli ya pili, na kombo zao zimetofautiana kwa robo ya duara ili injini isikwame pistoni zote zikiwa mwisho wa mwendo. Halafu magurudumu ya mbele na ya nyuma yamefungwa pamoja kwa fito ngumu badala ya minyororo iliyotumika kabla yake. Hesabu viungo vinavyozunguka na utapita dazeni.

Viungo vya namna hii vinasamehe kidogo sana. Umbali kati ya matundu ya fito ukizidi umbali wa ekseli kwa nusu milimita, magurudumu yatazunguka nusu duara na kukaza. Dawa yake ni kutotumia futi kabisa: funga fito zote pamoja na ubavu wa fremu kwa jiriwa, toboa mara moja, na matundu yote yatakuwa ndugu. Pini ziwe za waya wa shaba au spoki kuukuu za baskeli, na tundu liwe pana kuliko pini kwa unene wa karatasi mbili, kwa sababu masika yakija mbao itavimba na kuikaba.

Kama modeli yako ni ya kusimama tu kwenye rafu, haya yote yanapungua makali. Unagundisha fito katika mkao mmoja na hakuna atakayejua. Hapo Locomotion inakuwa rahisi kuliko Rocket.

Aliyeichagua na ajue historia yake pia si ya sherehe tu. Mwaka 1828 boila lake lilipasuka na kumuua dereva, na injini ikajengwa upya. Kwa hiyo hata hii, kama Rocket, ina sura zaidi ya moja kwenye michoro.

Puffing Billy: kwa anayependa mihimili

Hii iliundwa 1813 hadi 1814 kwa ajili ya machimbo ya makaa ya Wylam, kaskazini mwa Uingereza, chini ya William Hedley. Ndiyo injini ya reli ya mvuke ya zamani zaidi iliyobaki duniani, na iko Science Museum, London. Silinda zimesimama wima, moja kila ubavu wa boila, na juu yake mihimili mirefu inapanda na kushuka, inateremsha nguvu hadi kwenye gia zilizo chini ya fremu, na gia ndizo zinazogeuza magurudumu.

Kwa macho yangu ndiyo nzuri kuliko zote nne. Ina uzito, ina ubishi. Na kuna siri inayompendelea mvivu: gia ziko chini, gizani. Kwa modeli ya kusimama unaweza kuziacha zote na kuweka kipande cha mti cheusi. Mihimili ndiyo ya kuangalia. Ni mirefu na myembamba, kwa hiyo nyuzi za mti lazima zifuate urefu wake bila kukatiza, la sivyo utaivunja siku ya kupangusa vumbi. Mninga wenye nyuzi zilizonyooka unafaa hapo.

Tena ina uhuru. Reli za chuma cha kumwaga za wakati ule zilikuwa zikivunjika chini ya uzito wake, basi mwaka 1815 ikawekwa magurudumu manane ili kuugawa mzigo, na karibu 1830, reli zilipokuwa imara, ikarudishwa kwenye manne. Unaweza kuunda yoyote kati ya hizo na ukawa sahihi.

Ndugu yake, Wylam Dilly, ana kisa ambacho mtu wa pwani hawezi kukipita. Mwaka 1822 mabaharia wa mashua za makaa waligoma, na wenye machimbo wakaichukua injini, wakaipakia kwenye mashua, wakaifunga makasia ya kuzunguka, ikawa meli ya kuvuta. Baadaye ikarudi relini. Fundi wa Nungwi anayetaka kuunganisha ufundi wake wa majahazi na huu wa injini ana kazi ya kutosha hapo: gari moshi juu ya mashua.

Ya Trevithick: kwa mwenye mashine na subira

Nitaipita haraka, si kwa kuidharau. Tarehe 21 Februari 1804, huko Wales, injini ya Richard Trevithick ilivuta tani 10 za chuma na watu 70 kutoka Penydarren hadi Abercynon, kiasi cha kilomita 16. Ilikuwa ya kwanza kuvuta mzigo juu ya reli. Lakini ina silinda moja, gurudumu kubwa zito la kutunza mzunguko, na msururu wa magurudumu ya meno ubavuni, yote hadharani. Gia za mbao za kukatwa kwa mkono zinahitaji plaiwudi bora, kigezo cha chuma na jicho lisilochoka. Juu ya hayo injini yenyewe haikubaki, na wataalamu bado wanabishana mchoro upi ni wake hasa. Iache iwe ya pili au ya tatu.

Mbao zilizopo, na zinavyofanya

Mbali na mfenesi na msaji nilivyovitaja, utakutana na mwembe kila unapogeuka, kwa bei ya chini. Ni mlaini wa kukata na una nyuzi za kupendeza, lakini bungua wanaupenda kuliko wewe. Ukiona unga mweupe chini ya modeli, umeshachelewa. Kama huna budi, upake dawa ya wadudu kwanza na uutumie ndani ndani, kwenye fremu, si kwenye magurudumu. Mpingo unafaa kwa vitu vidogo vyeusi: mdomo wa dohani, vitovu, vishikizo vya dereva. Ni mgumu mno kwa jengine lolote, na vumbi lake la msasa linachoma pua, funga kitambaa. Mnazi, ingawa umetuzunguka, sikushauri kwa kipimo hiki. Nyuzi zake ni nene kuliko spoki yenyewe na zinachomoka.

Hakuna haja ya kununua ubao mzima. Kwa karakana yoyote ya milango au makasha, ukiomba mabaki kwa adabu na kumweleza fundi unachokifanya, utaondoka na mfuko, pengine na ushauri ambao haukuombwa. Yaache mabaki hayo ndani ya chumba utakachofanyia kazi kwa wiki kadhaa kabla hujayagusa, yazoee hewa ile. Aliyeko Wete au Mkoani ambaye hana karakana kubwa jirani ataona mfenesi na mwembe ni rahisi kuliko msaji. Hilo nalo linamsogeza upande wa Rocket.

Boksi au mabaki?

Kampuni ya OcCre ya Uhispania inauza Rocket ya kipimo cha 1:24 ikiwa boksini: vipande vimeshakatwa, vya chuma vipo, maelezo ya picha yapo. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika patasi, boksi linafundisha mpangilio wa kazi, nini kinatangulia nini, na hilo lina thamani. Ila unalipa usafiri na ushuru, unasubiri, na kipande kimoja kikivunjika huna duka la kukimbilia. Zaidi ya hayo, plaiwudi nyembamba iliyokatwa kwa leza haikuulizi swali lolote la useremala. Kwa mtoto wa skuli na babake, boksi. Kwa mtu ambaye tayari ana msumeno, tupa na kekee, mabaki ya karakana, bila kusita.

Na la kwetu je?

Najua. Sultani Barghash alijenga reli yake ya kwenda Chukwani mwaka 1879, na mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, mpaka 1881 alipoagiza injini ndogo ya magurudumu manne kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Alipofariki 1888 yote yakang'olewa. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ikajenga reli ya Bububu, maili kama 7 kutoka mjini. Nani asingetaka kuiweka hiyo sebuleni?

Tatizo ni la kazi. Injini za miaka ya 1880 na kuendelea ni chuma kitupu: matangi ya bati lililopindwa, misumari ya kichwa mamia, magurudumu madogo yaliyofichwa. Mbao haina cha kusema hapo isipokuwa kupakwa rangi. Na michoro ya vipimo ya Rocket na Locomotion inapatikana kwa urahisi, wakati ya kwetu utakuwa ukikisia kutoka kwenye picha za zamani. Linaloundika vizuri kwa mti ni mabehewa yake. Anayetaka Bububu aanze na behewa la abiria lililo wazi ubavuni, atafurahi.

Basi nani achukue nini

Una mfenesi, una subira ya kurudia spoki, na unataka pistoni zitembee: Rocket ya 1829. Una drili nzuri, hupendi spoki, na modeli itasimama kwenye rafu: Locomotion. Unataka itembee na iwe Locomotion vilevile? Ndiyo, ila uwe umeshawahi kufanya kitu kimoja chenye viungo. Unataka sura kuliko mwendo: Puffing Billy, na gia uziache gizani.

Ukiwa bado umegawanyika, usinunue kitu. Chukua mabaki ya plaiwudi na ufanye vipande viwili tu: robo ya gurudumu la Rocket, yaani pande moja la ringi na spoki zake, na jozi moja ya magurudumu ya Locomotion iliyofungwa kwa fito moja juu ya kipande cha fremu. Zungusha hiyo ya pili kwa kidole. Ikizunguka duara kamili bila kukaza, na wewe umejikuta unaizungusha tena bila sababu, mkono wako umeshachagua. Ikikaza na ukajihisi unataka kuitupa, rudi kwenye zile spoki.